Uzi: Zile noti saba za "po po po" tunazopuliza Sokoine. Safari ya Seven Nation Army kutoka Detroit hadi Mbeya

#1 Mpuliza Tarumbeta (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Baridi ya mwezi huu sisi wapuliza vyombo ndio tunaoijua vizuri: tarumbeta ikilala nje ya mfuko usiku mmoja tu, asubuhi noti ya kwanza inatoka imeshuka na midomo inauma.

Nilifundishwa kupuliza kanisani, kwenye matarumbeta ya Moravian, nikiwa darasa la sita. Sasa tuna kikundi chetu cha vijana tisa. Tunapiga harusi, send-off, misiba ya wazee, na siku nyingine mashabiki wanatuchangia nauli na maji tunakwenda uwanja wa Sokoine.

Nimeleta uzi kwa sababu ya noti saba. Wale wa kwaya nawaandikia kwa sol-fa: la, la do la so, fa, mi. Imba polepole. Ya kwanza ivute, nne zinazofuata zipite, mbili za mwisho zikanyage chini kama mtu anayeshuka ngazi za mawe. Umeitambua? Hata mama yangu anayeuza ndizi Mwanjelwa anaitambua.

Mara ya kwanza tuliipiga bila mpango. Timu ilikuwa imebanwa, jukwaa limenyamaza, hata wauza karanga wamekaa. Kijana wetu wa tuba akaanza peke yake, noti saba, akarudia. Mara ya tatu upande wetu wote ukawa unaimba "po, po-po-po-po, po, po". Mara ya tano upande wa pili wakaitika. Nilipuliza huku machozi yananilenga, na sikujua ninapiga wimbo wa nani.

Nikaanza kuuliza. Mmoja akaniambia ni wimbo wa Italia. Mwingine, ni wimbo wa FIFA. Mtangazaji mmoja wa redio nilimsikia akisema hauna mwenyewe. Nilikaa na hilo miaka mpaka mpwa wangu akanichezea wenyewe kwenye simu. Nikashtuka: kumbe una maneno! Kumbe ni gitaa, na kuna mtu anaimba kwa sauti ya juu kama aliyebanwa na watu mlangoni!

Unaitwa Seven Nation Army. Wenyewe ni The White Stripes wa Detroit, Marekani. Roki ya zile bendi zilizoanzia kwenye lebo ndogo huru, ambayo wenyewe wanaiita indi. Na bendi yenyewe ni watu wawili tu: Jack White gitaa na sauti, Meg White ngoma. Basi. Sisi tuko tisa na bado tunalalamika hatutoshi.

Januari 2002 walikuwa ziarani Melbourne, Australia. Kabla ya onyesho, kwenye ukumbi wa Corner Hotel, wakati wa kujaribu vyombo, Jack akaupiga ule mstari. Rafiki aliyeusikia siku hiyo hakuvutiwa sana. Jack mwenyewe alifikiria kuuweka akiba, kwamba ikitokea siku ameombwa wimbo wa filamu ya James Bond, autoe huo. Halafu akaona siku hiyo haionekani kuja, akautumia. (Siku ilikuja baadaye, 2008, akaimba na Alicia Keys. Lakini zile noti saba zilikuwa zimeshaondoka mkononi mwake.)

Sasa jina. Wapo humu waliosali au kusoma kwa Jeshi la Wokovu? Kwa Kiingereza ni Salvation Army. Jack alipokuwa mtoto alikuwa akilisikia hilo jina kama "Seven Nation Army", Jeshi la Mataifa Saba. Alipokuwa bado hana maneno akauita hivyo wimbo ili tu uwe na jina la kushikia, na jina likabaki.

Aprili 2002 wakaingia Toe Rag, studio ndogo London, vyombo vya zamani, tepu ya njia nane, hakuna kompyuta hata moja. Albamu nzima, Elephant, ilichukua kama wiki mbili. Ulipofika wakati wa kutoa singo, watu wa lebo walitaka wimbo mwingine wa albamu hiyo hiyo utangulie. Jack akakataa. Mwanzoni mwa 2003 ukatoka huu, ukakaa namba moja wiki tatu kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa, Uingereza ukafika namba 7, na 2004 ukapewa Grammy ya wimbo bora wa roki.

Ila kwa hayo peke yake usingefika Mbeya. Uliletwa na watu wengine kabisa. Nina harusi Iyunga saa nane, jioni narudi kumalizia.

#2 Kijana wa Mafiati

Mkuu usituache hapa. Harusi gani inaisha jioni huku kwetu?

#3 Binti Forest

Nimeuweka na spika ndogo ya jikoni. Dada yangu wa kazi kaacha kuosha vyombo, kasema "huo si wa mpira?" Mnaona wenyewe.

#4 Kijana wa Mafiati

Swali wakati tunasubiri. Umesema hakuna mpiga besi. Mimi nimeusikiliza mara tatu na ile ni besi, tena besi nene. Au nasikia vibaya?

#5 Solo na Rizimu

Husikii vibaya, kijana, ila umedanganywa kwa ufundi. Nimepiga gitaa bendi za dansi tangu ujana wangu, Mbeya na Tunduma, kwa hiyo hili naweza kulieleza.

Ile ni gitaa la kawaida, gitaa la zamani la Kay lenye tumbo la wazi. Ametumia pedali ya DigiTech Whammy. Hiyo unaikanyaga kwa mguu, unaiambia ishushe sauti oktava nzima, basi unapiga noti ya solo na spika inatoa noti ya chini kabisa. Ndiyo maana ina uzito wa besi lakini mwanzo wa kila noti una makali ya solo. Besi halisi haikwaruzi namna ile.

Halafu sikilizeni anapofika pale ambapo bendi nyingine yoyote ingeweka kiitikio. Kwetu dansi hapo ndipo waimbaji watatu wanasogea kwenye maikrofoni. Yeye hasemi neno. Anaondoa ile oktava ya chini, anafungua makelele ya gitaa, anateleza na slaidi (kile kibomba cha kuvaa kidoleni), na Meg anahamia kwenye matoazi. Kiitikio ni gitaa lenyewe. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani wamesahau kumalizia wimbo. Leo nasema pale ndipo alipokuwa na akili kuliko sisi wote.

#6 Mhehe wa Kihesa

Nimesoma kwa makini na namshukuru mleta uzi, lakini nina neno, na nalisema kwa heshima.

Sisi Nyanda za Juu Kusini tuna nyimbo. Iringa tuna nyimbo zilizobeba vita vya Lugalo tangu 1891, Wanyakyusa wana ing'oma, Wabena wana zao, Wakinga wana zao. Uwanja wa Samora nimekuwa nikienda tangu mtoto, na nimeona polepole nyimbo za kwetu zinapungua jukwaani, zinaingia hizi za kwenye televisheni. Sina ugomvi na Jack White. Nauliza tu: mtoto aliyezaliwa Mbeya akiambiwa aimbe wimbo wa uwanjani anaimba "po po po", na wimbo wa babu yake haujui. Hiyo ni ya kufurahia?

#7 Binti Forest

Kaka wa Kihesa ana hoja. Mleta uzi ukirudi usiipite.

#8 Mwalimu Uyole

Mimi nataka kusema juu ya Meg, maana hapa anatajwa kwa sentensi moja moja na kupitwa.

Kwa miaka mingi watu wamemsema kwamba hajui kupiga ngoma. Eti anapiga kirahisi, eti mtoto yeyote anaweza. Nafundisha kwaya ya shule ya msingi, wavulana na wasichana, na nawaambia ukweli: weka mtoto mwenye vidole vyepesi kwenye ngoma ya wimbo huu na atauharibu ndani ya dakika moja, kwa sababu atajaza. Meg anaanza na kishindo kilekile, dum, dum, dum, dum, kama mtu anayetembea njia ndefu na mzigo kichwani na hataki kupoteza pumzi. Haongezi hata kimoja. Kishindo kile ndicho watu wanachopiga kwa miguu jukwaani. Gitaa la Jack linaimbika, lakini kinachowafanya watu elfu kumi waimbe pamoja bila kiongozi ni mguu wa Meg.

Walivunja bendi Februari 2011, na tangu hapo yeye amekaa kimya, hatafuti kamera. 2025 wameingizwa katika jumba la heshima la roki kule Marekani. Nilifurahi sana kwa ajili yake.

#9 Mwana Kyela

Mwalimu, ndaga fijo, asante sana. Kwetu kwenye ing'oma mzee anayeshika ngoma kubwa ndiye anayepiga mara chache kuliko wote, na akikosea yeye wachezaji wote wanasimama. Wadogo ndio wanaochanganya. Nilipoona video ya yule dada nikasema huyu amekaa kama mzee wa ngoma kubwa.

#10 Mpuliza Tarumbeta (mleta uzi)

Nimerudi, midomo imevimba, bwana harusi alitaka turudie kuingia ukumbini mara tatu. Namalizia niliyoahidi, halafu kaka wa Kihesa nakujibu, sikupiti.

Oktoba 22, 2003. Club Brugge ya Ubelgiji inakwenda Milan kucheza na AC Milan, Ligi ya Mabingwa. Milan ndio mabingwa wa Ulaya wakati huo. Mashabiki wa Brugge wamekaa baa za mjini kabla ya mechi, singo hii ni ya mwaka huohuo, inapigwa. Wanaanza kuifuatisha kwa midomo. Maneno hawayahitaji. Wanaingia nayo uwanja wa San Siro, na Brugge inashinda 1-0, bao la Andrés Mendoza wa Peru. Wewe ni shabiki wa timu ndogo, umekwenda kwa mabingwa, umeshinda, na mdomoni ulikuwa na wimbo. Utauacha? Wakarudi nao nyumbani, ukawa wimbo wa bao.

Ukakaa pale Ubelgiji zaidi ya miaka miwili. Februari 2006 Roma wakaenda Brugge, Kombe la UEFA, wakashinda 2-1. Francesco Totti wa Roma alisema baadaye kwamba hakuwahi kuusikia mpaka alipokanyaga uwanja ule, na haukumtoka tena kichwani. Mashabiki wa Roma wakaubeba. Miezi michache mbele ni Kombe la Dunia Ujerumani, na Italia nzima inaimba "po po po po". Julai 9 wakaichapa Ufaransa kwa penalti Berlin. Siku mbili baadaye, Materazzi na Del Piero, wachezaji wa Italia, walipanda jukwaani kwenye onyesho la Rolling Stones mjini Milan wakauimba na umati. Ndiyo maana yule ndugu aliniambia ni wimbo wa Italia. Hakuniongopea, alinipa kituo cha tatu cha safari.

Euro 2008 ukapigwa timu zinapoingia uwanjani, Urusi 2018 vilevile. Ndiyo maana mwingine akaniambia ni wa FIFA. Kila mtu alikuwa ameushika pale ulipompitia.

Na Jack White hakuudai. Amesema mara kadhaa kwamba anafurahi watu kuuimba bila kujua umetoka wapi, kwamba umekuwa wimbo wa watu. Mimi nimetunga nyimbo mbili za kwaya na najua jinsi inavyouma mtu akiimba wako bila kukutaja. Kwa hiyo namheshimu kwa hilo kuliko kwa lile gitaa.

Cha ajabu ni kwamba maneno ya wimbo wenyewe yanahusu umbea. Mtu amefika mjini, kila mdomo unamsema, anachoka, anataka kwenda zake Wichita, kule Kansas, akafanye kazi ya mikono asahaulike. Wimbo wa mtu anayekimbia umati ndio umati umeuchukua. Sidhani kama wangeuchukua kama kiitikio kingekuwa na maneno. Alichosema mzee wangu Solo na Rizimu ndicho hicho: pale pa kiitikio pameachwa wazi. Mbelgiji hakulazimika kujua Kiingereza, Mtaliano hakulazimika, mama yangu wa Mwanjelwa hakulazimika. Kila mmoja alikuta kiti kitupu akakaa.

Sasa kaka wa Kihesa. Nimekuwa nikilifikiria swali lako katikati ya nyimbo za bibi harusi. Nakubaliana nawe nusu. Ni kweli zetu zinapungua. Msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda ligi kuu na kumaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, mabasi yalikuwa yanaondoka hapa yamejaa zambarau, na "Koma Kumwanya", wito wa mashabiki wake, ilikuwa inatikisa viwanja vya watu. Ile ilikuwa yetu. Ilikuwa na sababu moja na hii ya Jack White: fupi, nzito, mtoto anaishika mara moja. Nusu nisiyokubali ni kwamba hii ya kigeni ndiyo iliyoifukuza. Tarumbeta yenyewe ililetwa na wamisionari kutoka Ujerumani, na leo hakuna mtu Rungwe anayesema si yetu. Tatizo ni sisi wapuliza vyombo. Tumekuwa wavivu wa kuzichukua za babu na kuzitafutia noti saba zake.

#11 Mhehe wa Kihesa

Hapo umenijibu kiume. Sentensi yako ya mwisho naichukua. Mimi ni mpuliza tuba, kwaya ya hapa Iringa. Sikuwa nimesema.

#12 Solo na Rizimu

Niongeze tahadhari moja kabla hamjaukimbilia. Nimewasikia vijana wengi wa matarumbeta wakiupiga, na wote wanauharakisha. Uwanjani damu inachemka, ngoma inakimbia, na mara ya sita umekuwa mchakamchaka. Ukishakimbia umekufa, kwa sababu jukwaa haliwezi kuvuta ile noti ya kwanza. Uzito wake uko kwenye ile noti ya kwanza kuvutwa na zile mbili za mwisho kulala.

#13 Kijana wa Mafiati

Mzee umesema kweli tupu. Jumapili iliyopita tulikimbia nao mpaka tukakosa pumzi, tukaishia kucheka tu na wimbo ukakatika.

#14 Mpuliza Tarumbeta (mleta uzi)

Wakuu, ni siku nne zimepita, naleta mrejesho.

Jana tulifanya mazoezi kwa kufuata uzi huu. Kwanza nimehamisha wimbo. Wenyewe wameupiga kwenye mi ndogo (E minor), na kwa tarumbeta zetu za B flat vidole vinateseka. Tukaanzia la ya kwenye karatasi ya mpulizaji: la, la do la so, fa, mi, hakuna noti hata moja ya kupandisha wala kushusha. Mtoto wa mwaka wa kwanza aliupata kwa dakika kumi.

Pili, nilimwondoa mpiga ngoma wetu mkubwa, kijana mzuri ila ana mikono mingi, nikamweka mdogo wake wa miaka kumi na minne. Nikamwambia maneno ya Mwalimu Uyole: tembea na mzigo kichwani. Akatembea. Wakuu, ilikuwa tofauti ya usiku na mchana. Mama mmoja aliyekuwa anachuma mboga nyuma ya kanisa alinyanyuka akawa anatikisa kichwa taratibu, jembe mkononi.

Tatu, pale pa kiitikio mwanzoni niliweka sauti nne kama tunavyofanya kwenye tenzi, soprano, alto, tena, besi. Ukawa mzuri wa kanisani, na uzito ukaondoka. Tukarudi wote kwenye noti ileile moja, tuba chini, tarumbeta juu. Ukarudi.

Tukiwa tumechoka, mzee wetu wa tromboni, wa Tukuyu, akaanza kuimba kwa mdomo wimbo mmoja wa mavuno aliofundishwa na nyanya yake. Mstari wake wa kwanza una noti sita. Tulitulia, tukamwomba arudie. Tumeuandika kwa sol-fa nyuma ya karatasi ya Seven Nation Army.

#15 Mhehe wa Kihesa

Hiyo karatasi naiomba pande zote mbili. Na mniambie, tuba kwenye huo wa mavuno inafanya nini?

#16 Mpuliza Tarumbeta (mleta uzi)

Bado hatujajua, kaka. Tuba wetu amepata kazi Makambako, ameondoka leo na kikundi kitakuwa hakina sauti ya chini. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Ukipanda basi la asubuhi Iringa unafika kwa wakati. Chombo tunacho, njoo na kipulizio chako tu, na koti.